Chapati ya Kwanza

Hebu fikiria ukuta wa mawe na udongo, urefu wake unamfika mtu mzima mabegani, na katikati yake kilango cha mbao kisicho na komeo. Upande mmoja kuna utulivu: bibi, mama, mtoto mchanga na mbuzi. Upande wa pili kuna kelele tangu alfajiri mpaka watu walale. Nilipokuwa mtoto, huko Sur, pwani ya Omani, nilikuwa wa upande wa utulivu, lakini nikishinda upande wa kelele.

Majirani zetu walikuwa Wahindi wa Kachi, wauza vitambaa. Mkubwa wao alikuwa mjane tuliyemwita Ba, yaani bibi kwa lugha yao. Alikulia Unguja kama Bibi yangu, na katika nyumba ile ndiye peke yake aliyesema Kiswahili. Alikuwa na wana wanne, wakaza wana wanne, na wajukuu ambao sikuwahi kumaliza kuwahesabu. Viatu vyao vilirundikwa mlangoni, na wa mwanzo kutoka ndiye aliyechagua. Nimemwona kwa macho yangu mwanawe mkubwa, mwanamume wa kitambi, akienda dukani na makubadhi ya mkewe. Siku moja walikwenda Tiwi kutembea kwa gari mbili. Kila gari ilidhani Ba yumo katika gari ya pili. Ba alishinda kwetu siku nzima, anakula halua na kuwacheka, mpaka waliporudi jioni wakilia. Katika nyumba ile jambo ama halikufanywa na mtu, ama lilifanywa na watu wanne.

Mwaka mmoja mama alimzaa mdogo wangu Nasri, kisha akashikwa na homa kali na maziwa yakamkauka. Maziwa ya kopo Nasri aliyatapika. Yaliyokaa tumboni mwake ni ya mbuzi wetu, Bi Arusi, yaliyochemshwa na kuzimuliwa kwa maji. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi alipokaa kukama, sote tulisikiliza mlio wa maziwa ndani ya bakuli.

Asubuhi moja Ba alichungulia juu ya ukuta.

"Bi Zuwena! Mbuzi wako huyu, maziwa kama ng'ombe!"

Bibi akangoja. Alingoja neno moja tu, masha'Allah, ambalo kwetu humkinga anayesifiwa na jicho la anayesifu. Ba hakuwa Muislamu, na hakulisema. Alicheka tu, akaenda zake.

"Umesikia?" Bibi aliniuliza kwa sauti ya chini. "Kasifu kavukavu."

Haikupita wiki maziwa yakapungua. Bi Arusi akawa anasimama kichwa chini, tumbo limemvimba upande wa kushoto, na kikombe cha Nasri hakikufika nusu. Nasri alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Jicho," alisema Bibi.

Mama alijiinua kitandani. "Mama, jirani wa miaka yote hii?"

"Jicho halina ujirani." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeingia mle. Nenda katazame, uje uniambie."

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi tangu siku ile, na najua kwamba mtoto ukimtuma kutafuta kosa harudi mikono mitupu. Mimi nilirudi na mengi. Nilimwambia Bibi kwamba juu ya mlango wao wametundika ndimu na pilipili saba kwa uzi. Kwamba kila mtoto wao ana doa la wanja nyuma ya sikio. Kwamba Ba husimama uani jua likichomoza, ameelekea ukuta wetu, na midomo yake inacheza. Yote hayo nilikuwa nikiyaona kila siku. Siku ile tu ndipo yaliponitisha, na, nakiri, kule kutisha kulikuwa na utamu wake.

"Pilipili saba!" Bibi alisema. "Za nini, kama si za kutufunga sisi?"

Nilipokwenda mara ya mwisho kupeleleza, Ba alikuwa ameketi jikoni katikati ya vurugu la wakaza wana wake. Alinipa chapati ya moto yenye samli na sukari guru, kama alivyonipa kila siku. Nikaweka mikono nyuma.

"Bibi kanikataza."

"Kakukataza chapati?"

"Kakataza chako."

Sikuwa nimekatazwa. Hilo nililizua mwenyewe. Mkono wa Ba ulibaki hewani, samli inamtiririka kidoleni. Nilikimbia nyumbani. Nilipomweleza Bibi kwamba nimeikataa chapati ya Ba, alichukua kamba akakifunga kilango.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Bibi alitia makaa katika chetezo, akatupia chumvi na pilipili saba, akamzunguka Bi Arusi mara saba huku akisoma. Moshi ulitanda uani. Bi Arusi alipiga chafya. Bibi alikohoa, mama alikohoa, mimi nikambeba Nasri tukatokea kichochoroni sote. Upepo wa baharini uliubeba moshi uliobaki ukaupitisha juu ya ukuta, na baada ya muda mfupi nyumba ya pili nayo ilimwagika nje: wakaza wana wamejiziba pua kwa mitandio, mwana mkubwa ana kiatu kimoja, mtoto mmoja ana povu la sabuni kichwani, na nyuma yao Ba, macho mekundu.

"Bi Zuwena! Nani kapigwa jicho?"

Bibi alishtuka. "Umejuaje?"

"Mimi mzee, pua yangu si mzee! Chumvi na pilipili. Umetia ngapi?"

"Saba."

"Na sisi saba, kama zile za mlangoni za kukinga jicho," alisema Ba. Alitutazama sote tuliokuwa tukikohoa na kutoka machozi. "Lakini hapa jicho hakuna. Kwetu, jicho likiwapo, pilipili huungua zisiwashe."

Bibi alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na kwetu ni hivyo hivyo," akasema polepole, kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

"Nani mgonjwa?"

"Mbuzi. Mtoto hapati maziwa."

Ba aliweka mkono kifuani. Kisha akanitazama mimi machoni, mara ya kwanza tangu siku ya chapati. "Kesho mfuate. Mbuzi hasemi, lakini miguu anayo."

Mbuzi wa Sur siku zile walifunguliwa alfajiri wakazurura vichochoroni. Nilimfuata Bi Arusi. Hakuzurura. Alizunguka kona, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma wa jiko la kina Ba, akasimama.

Mlango ulifunguka. Mkaza mwana wa kwanza alitazama huku na huku, akampa chapati yenye sukari guru, akamgusa paji la uso, akaingia ndani. Bi Arusi hakuondoka. Baada ya kitambo mkono wa pili ulitokea dirishani, na chapati yake. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Mwisho alikuja Ba mwenyewe, na yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Ba!" nilisema. "Kashakula nne!"

Kwao chapati ya kwanza ya asubuhi haiwi ya mtu. Hupewa ng'ombe, na mwenye kuitoa huomba dua. Mtaani petu ng'ombe hakuwapo. Lakini Ba alipomwona Bi Arusi anamlea Nasri, alisema moyoni kwamba mbuzi huyu naye amekuwa ng'ombe, na ndilo alilotuambia siku ile juu ya ukuta. Akaanza kumpa chapati kumwombea Nasri akue na mama yangu apone. Wakaza wana walikuwa na wazo hilo hilo, kila mmoja kwa siri. Asubuhi ile walizozana kwa Kikachi, nadhani kuhusu ya nani ndiyo iliyokuwa ya kwanza, na Ba akajipiga paji la uso: chapati tano kila asubuhi ndizo zilizomvimbisha mbuzi tumbo.

Bibi alikuja akakifungua kilango. Ba alileta maji ya tangawizi, Bibi alileta majani makavu, chapati zikapigwa marufuku, na baada ya siku chache bakuli lilianza tena kulia asubuhi. Bibi hakuomba radhi. "Nilisema balaa limetoka nyumba ile," aliniambia. "Halikutoka?" Ba naye, tangu siku ile, hakupita uani kwetu bila kusema masha'Allah kwa sauti kubwa, hata alipotazama ndoo.

Bado nasema masha'Allah ninaposifu, na wala simcheki mwenye kuogopa jicho. Ila hakuna aliyeniuliza kuhusu lile neno nililolizua jikoni. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele ya Ba nimenyoosha mikono yote miwili. Aliitazama chapati iliyokuwa sahanini.

"Hii imepoa," alisema. "Ngoja nikupe ya moto."

Huenda utausahau moshi, na mbuzi, na wale wakaza wana wanne. Si neno. Nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu: mkono wa Ba ulivyobaki hewani, na samli ikimtiririka kidoleni.