Kitabu Nilichokiita Wakfu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu aliye hai, mzima, pengine anajichemshia chai yake, akiombewa nuru kaburini, anadhurika? Nililigeuza kila upande. Nikajiambia dua ni dua, haina ubaya. Kisha nikajiuliza, kama haina ubaya, mbona silali?

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kwetu Ole, Pemba, bila kazi, shahada yangu iko kabatini ndani ya bahasha. Shangazi yangu alikuwa amepata cherehani ya zamani, na yeye na majirani zake watatu walitaka kujifunza kushona. Kuunga vitambaa walijua kidogo. Kukata ndiko kulikowashinda.

"Weye umesoma," aliniambia. "Tutafutie kitabu humo kwenye simu. Cha watu wasiojua kitu, usituletee cha mafundi."

Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye nilikuwa na faida kwa mtu. Niliandika "kushona", nikaletewa matangazo ya vyerehani. Nikaongeza "kwa wanaoanza", zikaja video za lugha nisizozijua. Kila penye kitufe kikubwa cha kupakua palikuwa na mtego. Nikajifunza kukipita kinachometameta na kutafuta maandishi madogo chini yake. Mwishowe nikakipata: kitabu cha Kiswahili, kimeandikwa na fundi mmoja mwanamke wa bara, michoro safi, vipimo vinaeleweka. Mtu alikuwa amekipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukiweka huko.

Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno ya mwandishi: "Kitabu hiki ndicho kinacholisha wanangu. Tafadhali usikinakili. Ukitaka chako, nipigie." Chini yake, namba.

Niliufuta ukurasa huo kabla ya kuwatumia. Nilijiambia faili litakuwa jepesi, bando lao lisiishe. Ukurasa mmoja! Chuoni vitabu vingi tulivisoma hivyo hivyo, vinapita simu hadi simu, na hakuna aliyeuliza ni vya nani. Lakini chuoni sikuwahi kufuta kitu.

Kwetu watu huuliza. Misahafu na vitabu vya msikitini huandikwa "wakfu" mwanzoni, yaani aliyevitoa amevitoa kwa ajili ya Mungu, kila mtu asome, asiuze. Shangazi alipokifungua kile cha kwenye simu, macho yake yalikwenda moja kwa moja ukurasa wa mwanzo.

"Hichi wamekitoa bure? Ni wakfu?"

"Ndiyo, shangazi. Wakfu."

Lilinitoka kama kuitikia salamu.

Basi shangazi akafanya kama inavyofanywa. Kila alasiri, kabla ya mtu kugusa mkasi, wanawake walikaa kwenye mkeka barazani kwake, simu imeegemezwa kwenye kopo la biskuti, naye akanyanyua mikono: "Al-Fatiha kwa mwenye kitabu. Mwenyezi Mungu amrehemu, amnawirishie kaburi lake." Wote wakaitikia amin. Nami nikaitikia. Alidhani mtoaji ni marehemu, maana wale wa msikitini karibu wote ni marehemu.

Nguo yake ya kwanza ilikuwa ya kusalia, ya mama yake, bibi yangu. Hakutaka bibi avae tena ya dukani. Kila nikimwona anakata kile kitambaa cheupe, nilijiuliza bibi atasujudu amevaa nini hasa. Nikafikiria kunyamaza. Nikafikiria kutafuta kitabu kingine na kusema hiki kimeharibika. Nikafikiria kumwandikia yule fundi bila kujitaja; ujumbe ule niliutunga na kuufuta mpaka nikajichoka mwenyewe.

Alasiri moja, shangazi alipokwisha kunyanyua mikono, nikamwambia, "Shangazi, ngoja. Mwenye kitabu yuhai."

Jirani mmoja, ndiye mcheshi wao, akajipiga paja. "Yuhai! Na siye kila siku tunamnawirishia kaburi! Masikini ya Mungu, ndo maana hapati usingizi huko aliko!"

Wakacheka. Shangazi naye akacheka, kisha akaacha.

"Na wakfu?"

"Si wakfu. Anakiuza. Kaandika mwenyewe tusikinakili. Ule ukurasa niliufuta mie."

Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Aliikunja nguo ya bibi, mkono mmoja bado haujaungwa, akaiweka nyuma yake.

"Mama yangu simvishi hii mpaka nijue mwenye kitabu karidhia," akasema. "Na mie nilikuuliza, mwanangu. Nilikuuliza kwa sababu weye ndo ujuaye."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama mkeka.

"Namba yake ninayo," nikasema. Nakala kamili ilikuwa bado kwenye simu yangu. "Nampigia sasa hivi, mbele yenu. Akitaka tulipe, nitatafuta cha kumlipa. Akikataa, tutakifuta sote, nami nitawatafutia ambacho mwenyewe kaandika kwamba watu wachukue."

"Tia sauti kubwa," akasema yule mcheshi, "tumsikie marehemu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikatia sauti kubwa. Simu ikaita, ikaita, nikaanza kuomba isipokelewe. Ikapokelewa. Sauti ya mwanamke, nyuma yake cherehani inanguruma.

"Assalaam aleykum," nikasema. "Napiga kutoka Pemba. Nimekuibia kitabu chako."