Nimemtambua Mimi

Shangazi yangu hupiga pasi nguo za watu kwenye chumba chake cha mbele, na mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Wenye utani husema hiyo ndiyo pasi pekee ya nchi yetu inayofanya kazi, maana ile ya kusafiria hakuna taifa linaloitambua. Mashati ya mawaziri ananyoosha yeye. Wanayavaa, wanakwenda redioni kutuahidi kwamba dunia itatutambua hivi karibuni. Mimi nimechoka kuwasikiliza.

Mumewe, dereva wa lori, alifia ng'ambo ya mpaka, katika nchi tuliyojitenga nayo, gari lilipopinduka. Shangazi akaenda kumchukua, nami nikamsindikiza. Mhudumu wa mochwari alipofunua shuka, shangazi hakuhitaji hata kutazama uso. Aliishika kola ya shati, akaipapasa.

"Ndiye. Nimemtambua."

Karani akaomba kitambulisho chake, akakigeuzageuza, akamrudishia. "Mama, nchi hii kwetu haipo. Wewe huwezi kumtambua mtu."

"Nimeishi naye ujana wangu wote, leo nisimtambue?"

"Nakuamini, mama. Sheria ndiyo haikuamini." Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Akashusha sauti. "Serikali yetu inasema ninyi ni raia wetu, mmepotea njia tu. Saini hapa kwamba wewe ni raia wetu, umchukue sasa hivi."

Shangazi alishika kalamu. Mwanawe wa pekee alikufa vitani, akipigania tuwe na nchi yetu wenyewe. Akairudisha kalamu mezani.

"Siwezi kumuua mwanangu mara ya pili," akasema.

Mumewe wakamzika huko huko, kama mtu asiyetambuliwa.

Tangu hapo, kila jioni shangazi husikia hodi mlangoni. Nilidhani ni majonzi tu yanamsumbua, hadi juzi nilipokuwa nakunja nguo, yeye akipiga pasi, nikaisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti ya marehemu, ile ile ya kukwaruza.

"Mbona humkaribishi?" nikanong'ona.

"Namkaribisha, mwanangu. Haingii. Anataka kwanza nimwambie yeye ni nani."

"Si umwambie, shangazi."

"Namwambia. Namtaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake." Alikuwa analia, pasi imemtulia mkononi. "Ndipo ananiuliza, na wewe unayenitambua, ni nani?"