Kusaga Wimbi Huku Ukiongea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti. Nilidhani ni heshima ya kumaliza kidato cha nne. Kumbe mbele ya kile kiti palikuwa na mashine ya kusaga ya mkono, na Meneja wa karakana yetu ya kuunda mashine hizo pale Sosiot alikuwa na sababu zake.

"Wenzako wote walikuja kunionyesha misuli," alisema. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, na utani wake haukuwa na likizo. "Wewe ukauliza kama kuna mahali pa kukaa. Mimi nataka mvivu. Zungusha huo mpini ukinisimulia habari za kwenu. Ukikosa pumzi, mashine ni mbaya."

Basi hiyo ndiyo kazi niliyofanya miaka ya tisini: kusaga huku nikiongea. Nyinyi vijana mnaofungua pakiti ya unga kwa meno mtacheka, lakini mashine zetu zilikuwa za nyumbani, za mama mwenye mtoto mgongoni na maziwa motoni. Posho mill, ile mashine kubwa ya injini, ilikuwa mbali sokoni, na mvua ya kwetu haiulizi umebeba nini.

Ndani ya mashine mlikuwa na sahani mbili za chuma zenye meno, moja imetulia, nyingine inazunguka. Nafaka iliingia kwa faneli ya juu ikasagwa katikati ya sahani hizo. Ukizikaza kwa skrubu, unga unakuwa laini na mpini unakuwa mzito. Ukizilegeza, mkono unafurahi, lakini unga unabaki na chenga. Wimbi ndilo lililotutesa zaidi, maana punje zake ni ndogo na lazima sahani zikaribiane sana.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Walinipeleka Chepseon kuonyesha mashine siku za soko, nikarudi nikilalamika kwamba nimekonda kwa kukosa kitanda changu. Mke wangu akasema suruali hazijapata hiyo habari. Kisha Meneja akanituma karibu na Kaplong, nipeleke mashine kwa mama mmoja mzee. Nilimwita Kogo, jinsi tunavyowaita nyanya zetu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tangu augue. Mke wa mwanawe alitoka asubuhi kuchuma chai, akimwachia uji kwenye thermosi.

"Nimepikia watu maisha yangu yote," Kogo aliniambia. "Sasa ninapakuliwa kama mgeni. Nataka uji wangu, wa wimbi langu."

Akaanza kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Ilibidi aache mpini kila mara ili aongeze nafaka, na akiongeza, wimbi lilishuka lote kwa pamoja, sahani zikakwama. Jaribio la tatu akauachilia mpini.

"Rudisha, kijana. Sitaki kuonewa huruma na chuma."

Mwanawe, aliyeomba mashine ile, alinisindikiza hadi barabarani. "Jaribuni mara moja tu," alisema. "Akishindwa tena mbele ya watu, hatagusa hata sufuria."

Kesho yake niliingiza mkono wangu wa kulia ndani ya sweta nikakaa kwenye kiti changu. Fundi Mkuu, mtu mkavu asiyecheka, alinitazama.

"Mwishowe umepata njia ya kufanya nusu ya kazi."

Lakini alivuta stuli. Tulirefusha mpini. Tukaweka kilango chembamba chini ya faneli, ili wimbi lidondoke kidogo kidogo lenyewe. Unga ulitoka polepole kama mshahara, ila mpini ukawa mwepesi, nami nikamsimulia Fundi Mkuu harusi yangu yote mpaka akaniomba ninyamaze.

Tulirudi kwa Kogo, tukaifunga mashine kwenye benchi zito. Mwanawe alisimama mlangoni na gunia, tayari kuibeba kurudi. Kogo akazungusha. Nikamuuliza habari za shamba, hakujibu. Nikamuuliza habari za kanisa, kimya. Fundi Mkuu akaanza kuchunguza viatu vyake.

Ghafla Kogo akageuza shingo kuelekea dirishani.

"Wee! Nani amemfungua huyo ndama? Atanyonya maziwa yote! Leo mtakunywa chai ya strungi, nyinyi! Na wewe unasimama hapo na gunia kama mwizi wa viazi, kimbia!"

Mwanawe alitupa gunia akakimbia. Mkono wa Kogo haukuwa umesimama hata kidogo. Wimbi liliendelea kudondoka.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ile ya kiti. Bega langu hulalamika mvua ikinyesha, yaani karibu kila siku. Mashine moja ya zamani nimeifunga jikoni, na wimbi la uji nasaga mwenyewe. Nikinyamaza, mke wangu huita kutoka nje, "Mzee, kuna nini huko?" Hapo napunguza kilango, navuta pumzi, na kumsimulia tena habari za Kogo, ambazo amezisikia zote.