Dawa Isiyochoma Pua

Tangu mkemia wetu aondoke, hakuna anayewasalimia samaki wa maabara. Kila asubuhi aliinamia mabeseni ya perege na kuwauliza, "Mmeamkaje, wanangu?" kabla hajatugeukia sisi. Alikuwa akitafuta dawa ya wadudu wa kabichi isiyomdhuru mpuliziaji wala samaki wa mito ya Uluguru. Vidole vyake vilibabuka kwa sabuni ya kunawia kila baada ya jaribio. Perege walipokufa, aliwafukia mwenyewe nyuma ya jengo, akarekebisha mchanganyiko na kuanza upya. Miaka ikapita hivyo, hadi siku wadudu walipokufa na perege wakabaki hai. Tukaipeleka dawa kwa wakulima wa Mgeta, huko huko Uluguru. Mkulima mmoja, Mama Eufrazia, akainusa, akacheka.

"Haya si maji tu, mwanangu? Dawa haichomi hata pua, itamuua nani?" Akaongeza ndani ya bomba la kupulizia ile sumu kali ya zamani, tuliyokuja kuiondoa, akatikisa. "Haya, sasa imekuwa dawa."

Mkemia alikaa kwenye tuta, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa ilikuwa safi.

Siku hizi anaishi Mgeta. Amekodi shamba linalopakana na la Mama Eufrazia, na kabichi zake anazipulizia ile dawa yake tupu.