Beji ya Shabaha Kwenye Koti la Posa

Aibu niliipata, sikatai, na watu wa Muyinga waliokuwepo siku ile bado wananikumbusha kila wakiniona, lakini tuelewane mapema: beji ile niliipata kwa jicho langu na kidole changu, sikuiokota njiani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, jeshi letu bado bichi, nami kaporali kambini Gitega. Tulipelekwa uwanja wa shabaha, nikapiga risasi kumi, tisa zikaingia duara la katikati (ile ya kumi mpaka leo nasema ni bunduki iliyokosea), nikapewa beji ya shaba yenye bunduki mbili zilizopishana. Tukasomewa na sheria zake kwa Kifaransa: inavaliwa juu ya mfuko wa kushoto wa sare, na sare tu, tena ni ya mwaka mmoja, mwaka ukiisha hujafanya mtihani mwingine, unaivua. Mimi nilishika hilo la kushoto, mengine yakaingia sikio hili yakatokea lile. Siku ya mtihani wa mwaka uliofuata nilikuwa kitandani na malaria, beji nikabaki nayo, nani angeuliza?

Basi nikaenda kumposa Mwamini, binti wa muuza vitambaa wa Muyinga, niliyemwona mara mbili tu kwa shangazi yake Gitega nikapoteza hamu hata ya kula bugari. Kulikuwa na mwingine anayemtaka, mchuuzi wa kahawa mwenye baiskeli mbili, kwa hiyo nilijua nikikataliwa siku ile, basi tena. Baba yangu, fundi cherehani, alinishonea koti jeusi la kupendeza, ila kitambaa cha shati kikampungukia. Akasema, "Watu wanaona kola na kifua. Mgongo iko ndani ya koti, nani atauona?" Mgongo akaushona kwa gunia la unga, maandishi na yote. Asubuhi ya safari ndipo nikampa ile beji aibandike kwenye koti (uamuzi mdogo, jamani, mdogo sana!), na kwa kuwa baba haamini pini, akaishona kwa uzi wa viatu.

Tulipofika kwao, sebule ilikuwa imejaa, wanaume mbele yetu, wanawake nyuma. Msemaji wetu alikuwa mzee Saidi, rafiki wa baba kutoka Ryansoro, mtu mwema lakini akipewa nafasi ya kusema hafungi breki. Wenyeji wakauliza kijana wenu ana nini. Mzee Saidi akaiona shaba inang'aa, akapata moto.

"Huyu alipigana! Hii medali wakubwa walimupa juu ya ushujaa, adui wote walikimbia!"

Nikamvuta kanzu, wapi! Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikanyamaza (hapo ndipo nilipokosea kweli, kwa sababu vigelegele vilikuwa vitamu).

Kwenye kona mzee mmoja aliweka kikombe chini. Alikuwa mjomba wa Mwamini, amekuja kutoka Gashoho, na ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba alikuwa ajida wa jeshi, mkubwa wangu kwa vyeo vingi, yuko likizoni.

"We kaporali, simama."

Miguu ilisimama kabla sijaiamuru.

"Adui gani walikimbia?"

"Hakuna, ajida. Nilipiga karatasi."

Kicheko cha kwanza.

"Hii ni beji ya shabaha. Inavaliwa ku koti ya sivili?"

"Hapana, ajida. Ku sare."

"Na mutihani ya mwaka huu ulifanya?"

"Nilikuwa mugonjwa, ajida."

"Donc, basi, haiko yako tena. Toa."

Nikavuta. Nikavuta tena kwa mikono miwili, jasho linanitoka, uzi wa baba umeng'ang'ana.

"Haitoke, ajida. Baba aliishona."

"Basi toa koti yote."

Nilimtazama baba, baba akatazama dari. Nikavua. Shangazi yake Mwamini, aliyesomea kwa masista kule Mushasha na hapitwi na maandishi, akasoma kwa sauti nyuma yangu: "Farine… kilo makumi tano!" Nyumba ikapasuka. Mzee Saidi akatoka nje, eti anaangalia mvua, na jua linawaka. Baba akaninong'oneza, "Twende, mwanangu, twende."

Nikasema hapana. Nilikuwa nawaka kwa aibu, na pia kwa hasira.

"Ajida, chukua koti na beji yake, sheria ni sheria. Vita sikupigana, nilikosea kunyamaza. Lakini zile risasi tisa nilipiga mi mwenyewe, na Mwamini nimekuja kumuomba mi mwenyewe. Siondoke bila jibu."

Nikakaa kwenye mkeka, mgongo kwa wanawake, wasome mpaka wachoke.

Ajida akalikunja koti. "Rudi siku umepita mutihani. Ukishindwa, usirudi."

Miezi minne baadaye nilipiga nane, na nane ndiyo ya kupita. Nikarudi Muyinga na sare, beji mpya kifuani, ruhusa ya kamanda na cheti cha beji mfukoni, ajida akanizunguka mbele ya watu kama niko gwaride, akapima beji kwa kidole, hakuona kosa. Mwamini akaitwa aulizwe kama anakubali.

"Mi nilikubali ile siku alikataa kuondoka," akasema. "Ni nyinyi waaskari mulichelewesha."

Tangu hapo sijamwacha mtu anisifie kwa vita nisivyopigana, wala sijavaa kitu ambacho muda wake umekwisha, na sitavaa. Ila kule kukaa mkekani na kugoma kuondoka, wacheke wanavyotaka, hata kesho ningekaa tena.