Aliyepaswa Kusoma Jina la Ami

Ami yangu alipika chakula chini ya maji kwa miaka kumi na minne, na ukoo wetu wote wa London ulikubaliana kutolizungumza jambo hilo. Aliondoka Unguja baada ya mapinduzi, kijana mwenye sanduku moja. Babu alitaka asomee ualimu. Yeye alipofika Uingereza akajiandikisha jeshi la majini, wakamtia jikoni, kisha wakamteremsha kwenye nyambizi. Shangazi, dada yake, aliwaambia wageni, "Yuko serikalini." Tukibaki wenyewe alisema, "Anawakaangia Wazungu nguruwe."

Ami akija likizo, Shangazi alimsimamisha nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya mtaa wa Edmonton na kumvua koti, shati na soksi kabla hajakanyaga zulia, maana harufu ya dizeli ilikuwa imemwingia mpaka kwenye nywele. Ami alicheka tu. "Maji ya kuoga hatuna kule, dada. Yote yapo nje."

Nilipokua na kusoma chuo kikuu, nikawa mtu wa kuandika makala ambazo watu wachache huzisoma na wachache zaidi hulipia, ndipo nilipomgundua Ami upya. Nasema nilimgundua kama vile alikuwa amepotea. Kumbe alikuwa Edmonton muda wote, vituo vitatu vya basi kutoka kwangu, ameshastaafu hata kazi yake ya pili ya jiko la shule. Kila mwaka, Jumapili moja ya Novemba, alivaa bereti na nishani zake akaenda kwenye ukumbi ambako wazee wa nyambizi huwakumbuka wenzao waliokufa. Mwaka mmoja nikamwomba twende pamoja. Nilitaka makala.

Sikuipata. Nilitarajia hotuba, na nilikuwa na daftari. Lakini wazee wale hawakuhutubia. Mmoja mmoja alisimama, akasoma jina la marehemu, kazi aliyokuwa akifanya, na vyombo vya baharini alivyotumikia, akakaa. Fundi umeme, vyombo viwili. Mtu wa makombora ya torpido, chombo kimoja. Hapakuwa na "marehemu alikuwa mtu wa watu". Ami naye akasimama akasoma jina la mpishi mwenzake, akakaa, akafuta miwani. Baada ya nusu saa walikuwa wanakunywa chai.

"Ndiyo basi?" nilimuuliza.

"Ulitaka nini tena? Jina, kazi, chombo. Mengine yote ni kujisifu kwa mgongo wa maiti."

Nilicheka. Nami nilikuwa nimeshaandika tanzia kadhaa za kujisifu namna hiyo hiyo.

Miaka kadhaa baadaye Ami alilazwa, na sote tulijua hatoki. Alasiri moja nilimkuta ameketi kitandani, anamenya chungwa. Akaniambia ana ombi.

"Wenzangu wana ada yao," alisema. "Mtu akifa, jina lake husomwa kwanza kaburini, kabla ya udongo. Na anayelisoma ni yule aliyelala naye kitanda kimoja."

"Kitanda kimoja, Ami? Haya mbele ya Shangazi usiyaseme."

"Wewe na elimu yako! Vitanda havikutosha. Mimi nikitoka zamu, mwenzangu anaingia zamu. Nakikuta kitanda bado kina joto lake. Miaka mitano hivyo. Mke wangu, Mungu amrehemu, hajapata kunipashia kitanda miaka mitano mfululizo."

Akanipa namba ya simu na anwani ya huyo rafiki yake, ameziandika juu ya boksi la dawa. Anaishi mji mmoja wa pwani ya kusini, saa mbili kwa treni.

"Najua mtanizika haraka, na ndivyo itakiwavyo. Mpigie tu, atawahi. Na si lazima asimame karibu na sheikh. Asimame kando. Hata nje ya lango, ilimradi asome kabla hamjanifukia."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa sauti ya mtu anayejua kuahidi.

Ami alifariki Alhamisi alfajiri. Kufika saa nne nyumba ya Shangazi ilikuwa imejaa: akina mama jikoni, wanaume wanapigiana simu kuhusu kibali, kuosha, kaburi. Sala ya jeneza iwe baada ya sala ya Ijumaa, kesho yake. Watu wetu tukiamua kuzika hatuchezi. Boksi la dawa lilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamvuta Shangazi pembeni nikamweleza ombi la Ami. Akanitazama kama niliyemletea chupa ya pombe.

"Mzungu na nishani zake, makaburini, mbele ya watu wote? Wataanza kuuliza. Mwanangu, miaka yote hii nimemsitiri ndugu yangu, leo ndiyo siku yake ya mwisho niache aumbuke?"

Ningeweza kusema ni Shangazi aliyenikataza, na kwa muda mrefu ndivyo nilivyojisemea. Lakini Shangazi hakunikataza. Aliuliza maswali tu, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilichofanya ni kuwaza juu ya wale wanaume sebuleni, kati yao mhasibu na daktari ambao daima waliniona mtoto wa chuo asiye na kazi ya maana, na nikawaona wakimtazama yule mzee mwenye bereti, kisha wakinitazama mimi niliyemleta. Nikaamua kwamba simu haina adabu. Habari nzito kama hii inastahili barua.

Nikaandika barua nzuri sana. Niliirudia mara tatu. Tukamzika Ijumaa, barua nikaitia posta Jumamosi, kwa stempu ya bei nafuu. Ndani yake niliandika kwamba amefariki, kwamba alimkumbuka rafiki yake hadi mwisho, na kwamba "taarifa zaidi zitafuata". Kwamba alikuwa ameshafukiwa, sikuandika. Sentensi hiyo haikukaa vizuri popote.

Alhamisi iliyofuata kengele ililia kwa Shangazi. Nilifungua mimi. Wazee watatu wamesimama, makoti ya bluu, nishani kifuani, bereti mkononi. Wa mbele, yule niliyemwandikia, alikuwa mfupi, masikio makubwa, na alinijua kabla sijasema kitu.

"Wewe ndiye mwandishi," alisema. "Pole, kijana. Tumekuja kuuliza siku ya mazishi. Tungependa kumbeba, kama familia haina pingamizi. Bado tunaweza, usituangalie hivyo."

"Tulimzika Ijumaa."

"Ijumaa hii, kesho?"

"Ijumaa iliyopita."

Wale wawili wa nyuma wakatazama viatu vyao. Yeye hakutazama popote. Akasema, "Aa," kisha akaomba kuingia, kama ingekuwa si usumbufu, maana goti lake halipendi kusimama.

Shangazi akawatilia chai ya maziwa na kuwawekea mandazi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Yule mzee akala andazi moja taratibu, akasema Ami alikuwa akipika haya haya kwenye jiko lisilozidi kabati, wanaume sabini wakipigania la mwisho. Kisha akasimulia kuhusu Ramadhani. Chini ya maji hakuna jua, alisema, kuna taa nyekundu ya usiku na taa nyeupe ya mchana. Kwa hiyo kila siku ya mfungo yeye mwenyewe alikwenda kwa ofisa wa ramani kumuuliza jua linazama saa ngapi mahali walipo, akaandika kwenye karatasi, akaiacha chini ya mto kabla hajamwachia Ami kitanda. Miaka mitano.

"Hakukosa kufunga hata siku moja," alisema. "Nahodha alikuwa anamtania kwamba ndiye mtu pekee mle ndani anayejua nje kuna nini."

Nikaanza kumtafsiria Shangazi. Akanikata. "Nimesikia. Nimekaa nchi hii kuliko wewe." Akainuka akaenda jikoni, akafungulia bomba la maji, akaliacha likitiririka bila kuosha kitu.

Nikawapeleka makaburini kwa gari ya mmoja wao. Njia nzima nilizungumza mimi: foleni, mvua, jinsi dini yetu inavyotaka haraka. Nilisema tulijaribu kupiga simu lakini haikushika. Hapo yule mzee akatoa bahasha yangu kwenye koti, akavaa miwani, akaisoma tarehe ya muhuri wa posta kwa muda uliotosha mtu kusoma barua nzima.

"Unaandika vizuri," alisema. "Alikuwa akikuonea fahari sana."

Kaburi lilikuwa tuta la udongo mbichi na kijiti chenye namba. Wakavaa bereti zao. Nikasogea nisimame nao, mikono nimeifumba mbele, uso nimeutengeneza.

"Kijana," yule mzee alisema kwa upole kabisa, "utatuwia radhi. Hii ni kwa waliotumika naye."

Nikaenda kusimama kwenye njia, karibu na bomba la kumwagilia maua. Mfanyakazi alikuwa anakata majani kwa mashine upande wa pili. Niliona yule mzee akivua miwani, midomo yake ikitembea, muda mfupi sana, kiasi cha jina, kazi, na chombo. Halafu wote watatu wakainamia tuta. Hawakuniita. Walipomaliza walinipa mkono, mmoja mmoja, na kuniuliza kama nitapata basi.

Nikiwa kituoni Shangazi akapiga simu.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Walisema nini pale?"

"Sijui, Shangazi. Sikusikia."

"Watu walikuwapo? Kuna aliyewaona?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi," alisema, lakini sauti haikuwa yake, na simu hakuikata.