Yadi Tatu za Mtakatifu

Jambo zima liligharimu yadi tatu za kitenge, na hata hizo hazikupotea: niliziokoa mimi. Nimehesabu mara mbili. Harufu yake bado ninayo puani, ya kitenge kipya kikigusana na pasi ya moto, harufu ya wanga na rangi iliyojaa nyumba yetu ya kupanga pale Langley Park, ughaibuni, mpaka wali ukawa na ladha ya nguo. Mama alikuwa fundi cherehani. Wateja wake walitoka mpaka Rockville, wakipanda basi na mifuko ya vitambaa, kwa sababu mkasi wa Mama ulisifika kwamba haukosei. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, lakini hesabu nilizifanya kwa lugha zote mbili.

Mwaka ule jumuiya yetu, ya watu wa Misa ya Kiswahili ya mara moja kwa mwezi, ilikuwa imempenda mtakatifu mmoja wa karne iliyopita, padre wa Ulaya mwenye miwani ya duara. Walimfunga kambini wakati wa vita. Wafungwa kumi walipochaguliwa wafe kwa njaa, mmoja akamlilia mkewe na watoto wake, na padre akatoka mstarini akasema: nichukueni mimi badala yake. Tulisali novena yake, sala za siku tisa, sebuleni kwa watu zamu kwa zamu. Sikukuu yake tuliisogeza mpaka Novemba ili ukumbi wa parokia upatikane siku isiyogombewa, nadhani mtakatifu alielewa. Kitenge chenye uso wake kilichapishwa nyumbani kikaja ndani ya masanduku ya wasafiri, na kina mama kumi na wanne wakampa Mama kazi ya kushona sare.

Mama alishona blauzi, sketi akaniachia mimi. "Uso ukae kifuani," aliniambia. "Sketi ipate maua matupu. Kipande chenye uso weka pembeni." Alipokwenda kwenye novena nilipima, nikapima tena, nikaona utupaji mtupu. Kumbe nikiupasua uso katikati, nusu kulia, nusu kushoto, kisha nikaukutanisha kwenye mshono wa nyuma, nabakiza yadi tatu nzima! Nikakata, nikashona. Miwani ilikutana sawasawa, pua tu ndiyo iliyoliwa kidogo na mshono. Nilikunja kila sketi mbele ikiwa juu, nikatia mifukoni, nikaficha zile yadi chini ya kitanda nije kumshangaza Mama. Nilihesabu yadi; sikuhesabu makalio.

Jumapili ile kulikuwa na baridi. Kina mama walivalia chooni wakisukumana, makoti juu, kengele inalia. Mama yangu alikuwa chini ukumbini anakaanga sambusa. Padre alihubiri maisha ya mtakatifu mpaka watu wakafuta macho. Ndipo ukafika wakati wa kupeleka vipaji vya sadaka: makoti yakavuliwa, mstari ukaanza kucheza kuelekea altareni, na nyuso kumi na nne zenye miwani zikatugeukia sisi tuliobaki vitini, zikiyumba kwa mdundo. Mtoto mmoja alicheka. Halafu kanisa zima likajifanya linakohoa.

Ukumbini mzee Kariuki, Mkenya aliyejulikana kwa kusinzia, ndiye aliyeanza. "Aki leo sijalala. Mapadre kumi na watano, ukihesabu na wa altareni, na wote wananiangalia!"

Mama Bahati, mwenyekiti wetu kutoka Bukavu, hakucheka. "Mama Stela, pardon, lakini tumemkalia mtakatifu! Tangu somo la kwanza tumemkalia! Nani alikata hizi?"

Mimi ndiye Stela. Nilikuwa na sambusa mkononi. Mama alitazama sketi, akanitazama mimi, akafuta mikono kwenye kanga yake. "Nimekata mimi," alisema. "Macho yangu siku hizi, mama. Nisameheni." Nikafungua mdomo, na Kiingereza changu kikaanza kutoka, lakini kiatu chake kilinikanyaga chini ya meza. "Kula sambusa yako," akaniambia taratibu. Nikala. Mchovya asali hachovyi mara moja: nikachukua na ya pili.

Habari kwamba macho ya Mama Stela yamekwisha ilisafiri haraka kuliko basi lolote. Nguo za arusi zikaenda kwa fundi mwingine, kisha na za ubatizo. Kabla ya Pasaka Mama alikuwa anakunja mashuka kwenye hoteli moja kando ya mto, tukahamia Oxon Hill awe karibu na kazi. Cherehani ikawa meza ya televisheni, imefunikwa zile yadi tatu. Rahisi ghali, wanasema, lakini bei hii hakuna aliyenitajia mapema.

Sasa nina duka langu la vitenge, na mteja akinitajia bei najua kabla hajameza mate atapanda mpaka wapi. Macho ya Mama yamechoka kweli, kana kwamba yalisikia. Mwezi uliopita jumuiya iliamua sare mpya ya mtakatifu yuleyule, nikamwambia Mama nitasimama mbele ya Mama Bahati niseme ukweli. Alikasirika. "Ukisema, mimi nitakuwa nilidanganya kanisani siku ya sikukuu. Unataka kunilipa au kuniumbua?" Nikamtolea fedha. "Yule mfungwa alimlipa padre shilingi ngapi?" akauliza. Ninavyojua, yule mfungwa alipona, akaishi mpaka uzeeni akimsimulia aliyemfia. Mimi nimekatazwa hata kusimulia, na nimeandika haya kwa kuwa Mama hawezi tena kuyasoma. Basi anayejua deni la namna hii hulipwaje, aniambie. Ataje bei yake yoyote, sitaomba kupunguziwa.